Kasi ya Ngoma Katika Dansi la Kariakoo

Bendi ya Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, mtindo wake ulipewa jina la sikinde, ngoma ya Wazaramo. Wapinzani wao wa NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 na baadaye kuitwa JUWATA, walijulikana kwa msondo, nalo ni jina la ngoma. Mtu anaweza kusema hayo yalikuwa mapambo tu, kwa sababu kila bendi ya Dar es Salaam ilitaka mtindo wa kujitambulisha. Naamini kwa bendi hizi mbili ngoma iliingia ndani zaidi ya jina. Iliingia katika mwendo, na mwendo ndiyo sehemu ya ngoma iliyo ngumu kuliko zote kuihamishia kwenye gitaa.

Ugumu wenyewe unaonekana kwenye mdundiko, ngoma ya Kizaramo inayosindikiza sherehe ikitembea barabarani. Anayeipiga hashiki kasi peke yake. Miguu ya wachezaji inamwongoza. Tena ngoma nyingi za pwani, chakacha ikiwemo, husikika mbili na tatu kwa pamoja, na mchezaji huchagua pa kukanyaga. Vyombo na sahani za santuri vilivyofika mjini vilihesabu vingine. Beni, ngoma ya gwaride ya vyama vya Marini na Arinoti, iliyotamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikwenda kwa mguu wa kijeshi. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilikulia katika zama za sahani za rumba ya Kuba, muziki wa mapigo manne. Juu ya hayo, msikilizaji wa hapa anadai maneno. Wimbo wa ndoa iliyovunjika au wa rafiki msaliti lazima usikike neno kwa neno, na hilo halitaki haraka. Kiuno nacho kinataka haraka.

Bendi zilitatua mvutano huo kwa kuugawa wimbo. Kwanza mwimbaji anasimulia polepole, magitaa yakimpisha. Kisha linakuja chemko, ambapo kibwagizo kinarudiwa, saksafoni na tarumbeta zinajibizana, na tumba inapishana na dramu badala ya kuifuata. Waliojenga sauti ya Mlimani Park walikuwa wazoefu: Michael Enoch alipitia Dar es Salaam Jazz, Muhidin Gurumo alitoka NUTA. Ushahidi ninaouthamini zaidi ni urefu wa chemko. Kwenye rekodi ya redio lina mwisho wake. Ukumbini, kama ule wa DDC Kariakoo, hurefushwa kadiri watu wanavyocheza. Hapo mchezaji anarudishiwa mamlaka aliyokuwa nayo kwenye mdundiko.

Wapo watakaosema chemko ni sebene, ile sehemu ya haraka ya muziki wa Kikongo, na bendi kama Maquis du Zaire zilihamia mjini humu katika miaka ya 1970. Umbo huenda likawa la kuazima, sikatai. Lakini wanamuziki wa Kikongo waliohamia Paris miaka ya 1980 walizidi kuitupa sehemu ya polepole ili sebene lianze mapema, na Dar es Salaam iliishikilia. Anayeiga tu angefuata hadi huko. Hapa simulizi ilibaki kwa sababu bila yake chemko halina cha kuchemsha.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba kasi imeshatoka mikononi mwa wapigaji. Muziki wa mchiriku ulichukua vinanda vidogo vya Casio, na ule wa singeli, uliokulia Manzese na Tandale, hupita mapigo 200 kwa dakika. Wengi wa rika la dansi husikia humo kelele tu. Nadhani wanakosea, maana mchiriku umetoka kwenye ngoma zilezile za Kizaramo za harusini, na bado hupigwa uswahilini, uwanjani, wachezaji wakiwa wamewazunguka wapigaji. Kilichopungua ni nafasi ya maneno, na hapo nakubali kwamba hasara ni kubwa.