Sabraji

Sabraji ni ufunguaji wa chupa ya shampeni kwa upanga, ambapo mdomo wa chupa huruka ukiwa bado na kizibo chake ndani. Hufanywa zaidi kwenye harusi, hafla za kijeshi na mialiko ya heshima.

Historia

Desturi hii inahusishwa na Ufaransa ya zama za Napoleon Bonaparte, mwanzoni mwa karne ya 19. Husimuliwa kwamba askari wake wa farasi walifungua chupa kwa panga zao kusherehekea ushindi. Masimulizi mengine humtaja Barbe-Nicole Ponsardin, mjane wa Clicquot, aliyeshika biashara ya shampeni ya marehemu mumewe mjini Reims mwaka 1805 na kuwakirimu maofisa wa Napoleon. Mwaka 1986 kilianzishwa nchini Ufaransa chama cha Confrérie du Sabre d'Or ili kuhifadhi na kufundisha ufundi huo.

Jinsi inavyowezekana

Upanga haukati kioo, wala hauhitaji makali. Shampeni huchachuka mara ya pili ikiwa ndani ya chupa, na gesi inayozalishwa hufikia kanieneo ya takribani angahewa 6, zaidi ya maradufu ya upepo wa tairi la gari dogo. Chupa ina mshono wima ulioachwa na kalibu ya kiwandani. Pale mshono unapokutana na pete ya kioo iliyo chini ya mdomo ndipo palipo dhaifu zaidi. Pigo hapo huanzisha ufa, na gesi humalizia kazi.

Utaratibu

Chupa hupozwa sana, hasa shingo, kisha hukaushwa. Karatasi na waya wa kizibo huondolewa. Mfunguaji hushika kitako cha chupa, akiinamisha shingo mbali na watu, na kulaza upanga juu ya mshono, mgongo wake ukielekea mdomoni. Kisha huusukuma kwa mkupuo mmoja hadi upite pete.

Usalama

Mdomo uliokatika huweza kuruka mita kadhaa, kwa hiyo mbele ya chupa hapasimami mtu. Chupa yenye joto au mkwaruzo inaweza kupasuka mkononi. Povu husukuma nje vipande vingi vya kioo, lakini kila glasi hukaguliwa kabla ya kunywewa. Shingo iliyobaki ina makali ya wembe: haiguswi, wala mtu hanywi moja kwa moja kutoka kwenye chupa.