Kuwajua Watu na Kuwasikiliza: Funzo la Gwembe



Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni jirani yetu Zambia, iliunda Taasisi ya Rhodes-Livingstone kwa juhudi za Gavana Hubert Young. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maisha ya Waafrika: koo zao, mila zao, mashamba yao, na mabadiliko yaliyoletwa na migodi.

Mkurugenzi wa kwanza, Godfrey Wilson, alikuwa ametoka kuishi miongoni mwa Wanyakyusa wa hapa kwetu. Huko alikwenda kuwachunguza wafanyakazi wa mgodi wa Broken Hill, Kabwe ya leo, akataka kujua mishahara yao, chakula chao na ndoa zao. Wenye migodi wakamfungia mlango, naye akajiuzulu mwaka 1941. Ilidhihirika mapema kwamba mtawala alitaka kuwajua watu, lakini si kila jambo lao.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja Kariba. Mwaka 1956 taasisi iliwatuma Elizabeth Colson na Thayer Scudder katika bonde la Gwembe, kwa Watonga waliotakiwa kuhama ili kupisha bwawa la mto Zambezi. Waliandika habari za mashamba ya kando ya mto, yaliyorutubishwa na mafuriko na kurithiwa katika ukoo, na za mahali pa matambiko ya kuomba mvua. Kwa hiyo, kabla maji hayajapanda, palikuwapo wataalamu waliojua watu hao wangepoteza nini.

Ujuzi huo haukuwaokoa. Mwaka 1958 watu wa Chifu Chipepo waliamriwa kuhamia Lusitu, mbali na makaburi ya wazee wao. Wakakataa. Gavana Arthur Benson akaenda mwenyewe kuwashawishi, wasikubali. Tarehe 10 Septemba polisi walikabiliana na wanakijiji wenye mikuki, wakafyatua risasi. Watu 8 waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Kwa jumla, watu wapatao 57,000 wa kingo zote mbili za mto walihamishwa.

Ni wajibu wetu kuuliza ni nani aliyewafikisha polisi wale mahali pale. Walisimamishwa mbele ya wananchi ili wamalize kwa bunduki shauri ambalo wakubwa walikataa kulimaliza kwa kusikiliza. Elimu ikifungiwa kabatini, bunduki ndiyo huitwa.

Baada ya uhuru wa 1964 taasisi ile iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Zambia, na uchunguzi wa Gwembe ukaendelea kwa miongo mingi, ukionyesha wazi gharama ambayo wahamishwaji walilipa.

Ndugu askari, anayelinda nchi hulinda watu wake. Kumjua mwananchi ni sehemu ya kwanza ya kazi hiyo. Sehemu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kumsikiliza kabla hajashika mkuki.