Moyo wa Mama Aliyejifungua

Ninyi wa Chiwata, mkimwona mama aliyejifungua juzi akivimba miguu na kutweta alalapo chali, msiseme ni uchovu wa uzazi tu. Teremkeni naye hospitali ya Ndanda. Huenda moyo wake umelegea.

Je, utapona? Mwaka 1971 waganga wa Chicago, Demakis na Rahimtoola, walieleza habari za wanawake 27 wenye ugonjwa huo. Ambao moyo wao ulirudi ukubwa wake wa kawaida katika miezi 6 waliishi vyema. Ambao moyo wao ulibaki mkubwa, wengi walikufa. Lakini angalieni: jibu lilingojewa nusu mwaka!

Mwaka 2015 Dennis McNamara na wenzake walieleza habari za wanawake 100 wa Amerika ya Kaskazini, waliopimwa mapema kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyoujaza. Waliosukuma sehemu 30 katika 100 au zaidi, 86 katika kila 100 walipona baada ya mwaka. Waliokuwa chini ya hapo, 37. Mimi hao 37 siwaoni wachache.

Asibebe mimba nyingine kabla ya kumwuliza mganga, maana moyo huo waweza kulegea tena.