Ndoa na Maradhi, Kutoka Mamboya Hadi Hombolo

Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, watu wa leo huijua kwa bwawa lake lililojengwa mwaka 1957 na kwa mizabibu yake. Bali wazee huijua pia kwa kituo cha wagonjwa wa ukoma kilicholelewa na Kanisa la Anglikana, katika dayosisi ambayo tangu kuundwa kwake mwaka 1927 ilipata wamisionari wengi kutoka Australia. Habari za wageni hao zimeandikwa sana kwa upande wa ibada, shule na hospitali. Lakini mimi naona kwamba kilichowapima zaidi kilikuwa ndani ya nyumba zao, pale mume na mke walipokuwa ugenini, mmoja akashikwa na maradhi, na mwenzake akawa ndiye tabibu, na jamaa, na pengine mchimba kaburi.

Pwani walitangulia kuyaona hayo. Mwaka 1844 mmisionari Ludwig Krapf, naye mwenyewe akiwa taabani kwa homa, alimzika Mombasa mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, miezi michache tu tangu walipofika. Bara mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mmisionari Joseph Last alikuwa Mamboya, katika milima ya Ukaguru, kwenye njia ya misafara iendayo Mpwapwa na Ugogo, na mchumba wake Annie Jackson akavuka bahari kumfuata, wakaoana, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kizungu kukaa bara. Mwaka 1883 Annie alifariki. Zama hizo mgonjwa alibebwa kwa machela, mabegani mwa wapagazi, siku baada ya siku hadi pwani, akinywa kwinini wala asijue homa yatoka wapi, kwa maana ilikuwa bado miaka kumi na minne kabla ya Ronald Ross kuthibitisha kwamba mbu ndiye aichukuaye malaria. Last alikusanya maneno ya lugha nyingi za nchi hii akayatoa katika kitabu mwaka 1885, na mwaka uliofuata akatoa sarufi ya Kikaguru, lugha ya watu waliokuwa majirani wa mkewe.

Katika Dodoma yenyewe, Askofu Alfred Stanway na mkewe Marjory, Waaustralia waliooana Kenya mwaka 1939, waliiongoza dayosisi tangu 1951 hadi 1971. Maradhi yao yalikuja baadaye, nayo hayakuwa ya kuua kwa siku tatu: Parkinson, yanayotetemesha mikono na kuufunga ulimi, yakamshika mtu aliyekuwa ameishi kwa kuhubiri. Alifariki mwaka 1989, na Marjory akaandika kitabu cha maisha yake.

Hapa ndipo moyo wangu unaponisimamisha. Ndoa hizi tatu zilipata mwandishi. Lakini Hombolo walikuwapo wake na waume ambao ukoma uliwatenga na wenzao, na subira zao hazimo katika kitabu chochote kijulikanacho na wasomaji wetu. Maradhi haya hata sheria ya Kiislamu iliyatambua kuwa mtihani wa nikahi, kwani fiqhi ya Kishafii huihesabu jedhamu, yaani ukoma, miongoni mwa kasoro zinazompa mume au mke hiari ya kuvunja ndoa. Mkono uliopotewa na hisia kwa ukoma huepua chungu motoni usijue kwamba unaungua. Unyayo hutobolewa na mwiba, na mgonjwa akaendelea na safari. Ndiyo maana katika vituo vya namna hii kazi kubwa ilikuwa ile isiyo na sifa: kulowesha miguu katika beseni, kukwangua sugu, kupaka mafuta, kuvalisha kandambili za mpira. Kisha, tangu mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa kadhaa kwa pamoja, na ukoma ukawa ugonjwa wa kutibiwa mtu akiwa kwake, ubavuni mwa mwenziwe.

Hombolo sasa pana Chuo cha Serikali za Mitaa, chenye vijana wajuao kuandika na kuhifadhi kumbukumbu. Nawasihi waende kwa wazee waliopita katika kituo kile, wawaulize kwa adabu ni nani aliyebaki nao na ni nani aliyeondoka, wayaandike majibu yao kwa Kigogo na kwa Kiswahili, nao wasingoje, kwa kuwa wazee hao wanapungua.