NUKTA ZA BWANA LEWIS

Wekeni karatasi na kalamu karibu, maana leo tutachora.

Juma lililopita tulisema ya kuwa vitu vyote vimefanyizwa kwa atomu, yaani chembe ndogo mno, na ya kuwa kila atomu ina kiini chake na elektroni zake. Leo tutaangalia elektroni za nje tu, kwa kuwa hizo ndizo ziungazo atomu moja na nyingine.

Aliyetufundisha kuzichora ni Bwana Gilbert Newton Lewis wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1875. Mwaka 1902 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Akitafuta njia ya kuwaeleza wanafunzi wapya, alichora kisanduku chenye pembe nane, na kila pembe ni mahali pa elektroni moja. Pembe zote zikijaa, atomu hutulia. Kwa picha hiyo chumvi ilielezeka vizuri: atomu ya sodiamu ina elektroni 1 ya nje, na ya klorini ina 7. Basi ile hutoa, na hii hupokea.

Lakini palibaki fumbo. Katika hewa ya hidrojeni, atomu hushikana mbili mbili. Zote ni za namna moja, na kila moja ina elektroni 1 tu. Je, nani mtoaji na nani mpokeaji?

Bwana Lewis hakuichapisha picha yake. Ilikaa katika karatasi zake miaka 14. Mwaka 1916, akiwa Chuo Kikuu cha California, alitoa jibu: hakuna mtoaji wala mpokeaji. Kila atomu huleta elektroni yake, na jozi ile huwa ya shirika. Ni kama nyumba mbili zilizochimba kisima kimoja mpakani. Kila nyumba husema, "Tunacho kisima," nayo husema kweli. Lakini kisima ni kimoja.

Katika maandishi hayo alitumia herufi na nukta. Herufi ni atomu. Kila nukta ni elektroni moja ya nje.

Sasa tuchore maji. Andikeni O, yaani oksijeni, yenye elektroni 6 za nje. Kuliani wekeni nukta mbili, kisha H. Chini wekeni nukta mbili, kisha H. Kushotoni nukta mbili, na juu nukta mbili. Hesabuni: O imezungukwa na nukta 8, na kila H imepata 2, ambazo zaitosha. Hayo ndiyo maji mnayokunywa.

Ila msidhani ya kuwa elektroni hukaa kimya kama punje mezani. Nukta hutuonyesha hesabu, si mahali.

Bwana Lewis alifariki mwaka 1946 bila kupata Tuzo ya Nobel. Hata hivyo wanafunzi wa kemia wa nchi nyingi huchora nukta zake mpaka leo. Nazo zilitokana na mwalimu aliyetaka wanafunzi wapya wafahamu. Basi mtu asione haya kusema darasani, "Mwalimu, sijaelewa, nichoree."

Kazi ya nyumbani: choreni amonia. Ina N moja yenye elektroni 5 za nje, na H tatu. Mkimaliza, hesabuni nukta za kuizunguka N. Zikiwa 8, mmepata.

Kwaherini.