Fahamu: Manyoya ya jogoo yanavyomnasa trauti

Trauti hayupo Ziwa Tanganyika, anataka maji baridi. Ila mvuvi wa Katubuka ataielewa ndoano yake haraka.

Inatengenezwaje? Ndoano ndogo hufungwa uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na nywele za mnyama, ifanane na mdudu.

Inavuliwaje? Uzito wa mshipi ndio unaoirusha mbali. Iache izame kidogo, kisha vuta polepole kwa vituo, kama mdudu anaogelea.

Kigoma je? Taa hukusanya dagaa, migebuka wakaja kuwala. Ujanja ni ule ule: jua samaki anakula nini.

Kuna hela? Kenya, waliopelekewa trauti mwaka 1905, mafundi hufunga ndoano hizi kwa mkono na zinauzwa nje. Manyoya unayotupa jikoni ni ajira ya mtu.