Kabla ya Ushauri Nasaha Kulikuwa na Balozi wa Nyumba Kumi

Kila tarehe 9 Desemba tunawasimulia watoto wetu habari za mwaka 1961: bendera ikipandishwa usiku wa manane, Mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro, na Mwalimu Nyerere akiwataja maadui watatu, yaani ujinga, maradhi na umaskini. Ni mara chache tunawaeleza jinsi vita hivyo vilivyopiganwa ndani ya nyumba za wanyonge. Mwaka huu tueleze hilo.

Watoto waliozaliwa hapa Uingereza wakisikia neno balozi hufikiria ofisi yenye bendera. Kwa wazazi wao, balozi alikuwa jirani. Miaka michache baada ya Uhuru, TANU iliunda mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na kiongozi wake, ambaye watu walizoea kumwita balozi. Ugomvi wa mume na mke, mtoto aliyeacha shule, msiba: yote yalifika kwanza barazani kwake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo ikataka kila kata iwe na baraza la usuluhishi wa ndoa, ili wanandoa wapatanishwe kwanza kabla ya kudai talaka mahakamani.

Utaratibu huo ulisaidia wengi, lakini ulikuwa na upungufu. Balozi alikuwa pia mtu wa chama, na siri ya nyumba iliweza kufika kisimani kabla jua halijatua. Upungufu huo ulionekana wazi ulipoingia UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina lililotokana na nguo ya magendo iliyopendwa wakati ule. Familia zilificha wagonjwa, wajane walinyang'anywa mashamba, na bibi wengi walibaki kulea wajukuu yatima. Nani angeyasema hayo barazani, majirani wakisikiliza?

Mwaka 1989, jijini Dar es Salaam, mtaalamu wa ustawi wa jamii Theresa Kaijage na wenzake waliunda WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Mwaka 1992 ikafuata PASADA, huduma ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, yenye makao yake Temeke. Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kusikia maneno "ushauri nasaha". Mshauri hakuja kuhukumu wala kusuluhisha. Alisikiliza, akatunza siri, akamtembelea mgonjwa nyumbani, akazungumza na familia kuhusu chakula, ada za shule na nani atabaki na watoto. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kwa miaka kama 15, basi, washauri walibisha hodi kwa maskini bila dawa hizo mkononi, na bado walifunguliwa mlango.

Sisi huku hatuna shina la nyumba kumi. Kuna mama aliyejifungua bila bibi wala shangazi karibu, baba anayekesha kazini usiku na kulala mchana, kijana asiyezungumza na wazazi wake. Tunapenda kusema mambo ya ndani hayatoki nje. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba wazee wetu walikuwa na mahali pa kuyatoa, na palipovuja, wakajenga pengine pa kutunza siri.

Kwa hiyo tunaiomba kamati ya jumuiya ichague wanaume na wanawake wachache wasomee ushauri nasaha, waape kutunza siri, na wawe na zamu ya kutembelea familia zetu. Nanyi vijana, msidhani kuomba msaada ni tabia mliyoiokota ugenini. Babu na bibi zenu walipiga hodi kwa balozi tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru.